Kasha la kompyuta la bei nafuu: Kagua pawa saplai kwanza

MAKASHA mengi ya kompyuta ya bei nafuu huuzwa yakiwa yamefungwa pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vipuri vya ndani. Wanunuzi huvutiwa na umbo la kasha, ilhali uhai wa kompyuta hutegemea kifaa hicho.

Tunduma, mkoani Songwe, imepakana na Nakonde ya Zambia, na nchi zote mbili hutumia umeme wa volti 230. Baadhi ya pawa saplai huwa na swichi ndogo nyuma yenye alama za 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kifaa huweza kuungua mara tu kinapochomekwa. Ikague kabla ya kuwasha.

Pili, soma lebo ya pawa saplai yenyewe, si maandishi ya boksi. Zidisha volti 12 kwa amperi zilizoandikwa kwenye safu hiyo. Amperi 20 ni wati 240 tu, hata kama boksi linatangaza wati 500.

Tatu, ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kupita kiasi aghalabu imepunguziwa vipuri.

Fedha zikiwa haba, chagua kasha la kawaida la mfumo wa ATX, uliobuniwa na Intel mwaka 1995. Pawa saplai yake hubadilishwa baadaye bila kutupa kasha. Aidha, dai risiti na dhamana ya maandishi.