Pruitt-Igoe

Pruitt-Igoe ulikuwa mtaa wa nyumba za umma jijini St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, yenye nyumba 2,870, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki, ambaye baadaye alichora minara ya World Trade Center ya New York. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954. Jina lilitokana na Wendell Pruitt, rubani Mweusi wa Vita Kuu ya Pili, na William Igoe, mbunge Mzungu: upande mmoja ulikusudiwa Weusi, mwingine Wazungu. Mahakama ilipokataza utengano huo, Wazungu wengi hawakukaa.

Lawama hutupiwa zaidi majengo. Ili kubana matumizi, lifti zilisimama ghorofa ya 4, 7 na 10 tu, ukiacha ya chini. Wakazi wa ghorofa nyingine walimalizia safari kwa ngazi, na baadaye wezi wakazigeuza maficho. Kasoro hiyo ni ya kweli, ila haitoshi kueleza anguko lenyewe. Serikali kuu ililipia ujenzi, kisha ikaacha matengenezo yategemee kodi ya pango, kana kwamba nyumba zingejaa daima. Serikali hiyohiyo, kupitia FHA, idara iliyodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934, iliwawezesha Wazungu kununua nyumba zenye bustani nje ya jiji, na kuanzia 1956 ikamwaga fedha kwenye barabara kuu za kuwafikisha huko. Weusi karibu wote walinyimwa dhamana hiyo.

Mwaka 1957 asilimia 91 ya nyumba zilikuwa na watu. Baada ya hapo wapangaji walipungua, mapato yakashuka, lifti zikaharibika bila kutengenezwa, na waliobaki wakapandishiwa kodi hadi wakagoma kulipa mwaka 1969. Jengo la kwanza lililipuliwa Machi 16, 1972. Kufikia 1976 mtaa wote ulikuwa umebomolewa. Mhakiki Charles Jencks aliutaja ubomoaji huo kuwa ndio kifo cha usanifu wa kisasa, hukumu iliyomwelemea msanifu na kuwaachilia watunga sera.

St. Louis ilikuwa imejitenga na kaunti yake tangu 1876, hivyo mpaka wake haukuweza kuwafuata waliohama, na kodi zao zilikwenda kwa manispaa za pembezoni. Sensa ya 1950 ilihesabu wakazi 856,796 jijini. Ya 2020 ilihesabu 301,578.