Gulio lina siku yake

Muhula uliopita nilimuuliza mwanafunzi wangu mmoja, mtumishi wa halmashauri ya wilaya, asili ya neno soko. Akajibu bila kusita kuwa ni Kiarabu, suq, kisha akaongeza kwamba hata desturi yenyewe ya kuwa na masoko tuliletewa na Waarabu. Jibu la kwanza ni sahihi. La pili ndilo lililonisukuma kuandika.

Kiswahili kina neno jingine kongwe, gulio, litokanalo na kitenzi gula, yaani nunua. Sisi tumekiacha kitenzi hicho, lakini Waganda, Wasukuma na Wachewa wangali wakisema kugula, na Warundi na Wanyarwanda kugura. Kitenzi kilichoenea kiasi hicho bara hakikungoja majahazi. Neno la kigeni likitwaa nafasi ya neno letu, halithibitishi kwamba kitu chenyewe hakikuwapo. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Je, wazee wetu walihesabu tano wakarukia nane?

Tazama umbo lake: gula, gulia, gulio, kama vile kimbia, kimbilia, kimbilio. Kimbilio si lazima liwe nyumba. Ni pale watu wanapokimbilia. Gulio nalo ni pale watu wanapokuja kununua, na hadi leo tunaliita hivyo soko la siku maalumu. Alfajiri ni uwanja mtupu, saa nne hapapitiki, magharibi mbuzi wanaokota maganda. Ukiambiwa habari za soko, huuliza liko wapi. Ukiambiwa habari za gulio, huuliza ni lini.

Halmashauri zetu hutoza ushuru wa magulio na minada, basi neno hilo linafahamika vizuri penye stakabadhi. Penye mipango hutoweka: huko soko ni kuta, paa na lango. Nimeviona vizimba vya saruji vikiota majani, ilhali akina mama wanauza nyanya njia panda ileile ya zamani, jicho moja kwa mteja na jingine kwa mgambo.

Nilimuuliza mwanafunzi wangu gulio la kata yake huwa siku gani. Alhamisi, akasema papo hapo. Katika andiko la mradi wa soko la kata hiyo, alilosaidia kuliandaa yeye mwenyewe, Alhamisi haikutajwa popote.