Mashine Hudokeza, Mtu Hutambua

Usonji una jina la pili, tawahudi, tulilolipata kwa Waarabu. Shina lake ndilo la wahedi na tauhidi. Hata jina la Kizungu limechotwa katika Kigiriki, autos, yaani nafsi. Yote mawili yanamfungia mtu chumbani peke yake kabla hatujamjua. Usonji hauna ubaya huo. Kiambishi chake u- ni cha hali, kama utoto na urefu. Basi anayeandika "anaugua usonji" angeandika pia "anaugua urefu".

Sasa hali hiyo inapimwa kwa akili bandia. Noti bandia, dawa bandia, na mtoto wako apimwe kwa bandia! Jina "akili mnemba" limeenea Tanzania, lakini mimi nasimama na "akili unde". Unde linatokana na kuunda, kazi ya mafundi wa majahazi: linasema kitu kimetengenezwa, halikitukani wala halikisifu.

Kitenzi ndicho kigumu. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha Canvas Dx, programu ya kumsaidia daktari kupima watoto wa miezi 18 hadi 72. Hupokea majibu ya mzazi, majibu ya daktari na tathmini ya video za mtoto. Tuseme "imetambua usonji"? Kutambua ni kumjua mtu gizani kwa sauti yake. Ni pia kuikubali haki yake. Mashine haifanyi hayo, hulinganisha tu alama na alama. Kuagua nalo lina ramli ndani yake (ingawa hesabu za uwezekano na ramli huenda ni binamu). Napendekeza kudokeza, na tokeo lake liitwe kidokezi. Utambuzi abaki nao daktari, na mzazi aliyeanza kuona mapema kuliko wote.

Programu hiyo ina jibu la tatu, mbali na ndiyo na hapana, la kutokuwa na uhakika, na katika utafiti wake zaidi ya nusu ya watoto walilipata. Hapo Kiswahili kina zawadi ya silabi moja. "Haibainiki" linafunga mlango. "Haijabainika" linamwambia mama arudi, kazi bado. Mfasiri atakayeikosa -ja- hiyo atamwumiza mtu.

Na upana wa hali hiyo, tuuite wigo wa usonji? Wigo ni ua wa miti, boma. Mawanda yangefaa zaidi: uwanja mpana, kila mtu na mahali aliposimama.

Na baada ya kupima, tusiseme msaada, neno la magunia ya mahindi. Usaidizi ni kazi ya watu wawili. Mtoto asiyesema, anayegusa picha kwenye kishikwambi nacho kikamtamkia "maji", amefanya nusu yake.

Wahariri, anzeni na dogo: lifuteni "anaugua" katika toleo lijalo.