Keremkeremu wa Karema

Sisi watu wa Mpanda hatuna bahari. Kwenda Dar es Salaam kwa treni ni safari ya kubeba blanketi, na nauli ya watu watano si mchezo. Kwa hiyo mtoto wa Mpanda akianza kudai apelekwe ufukweni kama wale anaowaona kwenye televisheni, mzazi ana jibu moja tu: Karema. Mawimbi yapo, mchanga upo, na ukitazama magharibi jioni huoni ng'ambo. Maji hayana chumvi, lakini mtoto wa miaka minane halalamikii hilo.

Mwaka jana, shule zilipofunga ile wiki moja ya mwezi wa tisa, tukaenda: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu. Tulipita Kabungu, Majalila na Ikola, vumbi likituingia mpaka kwenye meno. Aliyepita njia hiyo mwishoni mwa kiangazi anajua inavyokuwa. Majani ya chini yameshaungua, na miti ya miombo, kabla hata mvua haijanusa, inachipua majani mekundu kama shaba. Mama alisema alipokuwa msichana, wekundu huo ndio uliowaambia watu waanze kuandaa mashamba.

Binti yangu yuko darasa la sita. Mwalimu wake aliwapa kazi ya likizo: hesabu viumbe vya mahali ulipo. Yeye akachukua ndege. Mdogo wake, wa darasa la pili, akapewa vipepeo, kwa maelezo ya dada yake kwamba "hawaendi mbali." Mimi nilipewa kazi ya kushika daftari.

Niseme kwanza kuhusu vipepeo, maana waliniaibisha. Nilidhani ufukweni hakutakuwa nao. Kumbe pale wanawake wanapooshea vyombo na kumwaga maji ya samaki, mchanga uliolowa ulikuwa umejaa vipepeo weupe na wa manjano, wamebanana kama karatasi zilizochanwa. Mtoto akauliza wanakula nini pale. Wananyonya chumvichumvi na madini kwenye unyevu, na wengi wao huwa madume. Nyuma ya nyumba tuliyofikia, kwenye mchungwa, akapata kiwavi aliyefanana na kinyesi cha ndege. Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayejulikana na kila mwenye machungwa au malimau. Sura hiyo chafu ndiyo kinga yake, kwa kuwa hakuna ndege anayekula kinyesi chake.

Vipepeo vya upande wetu vina historia ambayo wengi wa Mpanda hatuijui. Mwaka 1978 Mnorwei mmoja, Jan Kielland, alichapisha orodha ya vipepeo vya upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika katika jarida la wadudu la Uholanzi. Mwaka 1990 akatoa kitabu kikubwa juu ya vipepeo vya Tanzania nzima. Katika kazi hizo, misitu, vilima na mito ya iliyokuwa wilaya ya Mpanda inatajwa tena na tena kama mahali vielelezo vilipokamatwa. Mtaalamu wa vipepeo wa Ulaya anaweza kuujua msitu wa Ntakata kuliko mwanafunzi wa Mpanda mjini. Simlaumu Kielland. Yeye alitembea, akaandika. Ninajiuliza tu sisi tulikuwa wapi.

Sasa nije kwa ndege.

Siku ya pili tulifuata kijito kinachoingia ziwani. Binti alikuwa ameshaandika furukombe, mdiria, mnandi, kulastara na mbayuwayu. Wale mbayuwayu nilimweleza ni wageni: mwezi huo kule Ulaya majira ya joto yanaisha, watoto wanarudi shuleni, na ndege wanafunga safari kuja kwetu. Kiangazi chao kinapokwisha na chetu kiko ukingoni. Alilipenda hilo, akaliandika.

Halafu kwenye tawi kavu juu ya kijito tukamwona mmoja mdogo wa kijani, kichwa na koo rangi ya kutu, mstari mweusi machoni, na manyoya mawili marefu membamba yakining'inia mkiani. Aliruka, akanasa nyuki, akarudi palepale, akampigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza.

"Keremkeremu," akasema mama yangu, bila hata kusimama.

Nikafungua kitabu cha ndege nilichoazima. "Huyu ni keremkeremu wa Böhm," nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Böhm ndiyo nini?"

"Ni mtu. Mjerumani wa zamani."

"Alikuwa anamfuga?"

"Hapana. Alimpiga risasi."

Binti akanitazama kama nimemdanganya. "Sasa kwa nini anaitwa wa kwake?"

Jioni ile, tumekaa kwenye mchanga, nilijaribu kujibu. Jibu lenyewe linapita hapohapo Karema.

Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walijenga boma Karema, kwenye kilima kando ya maji. Mwaka huohuo Leopold alilipia tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani chini ya Mwairishi aliyeitwa Carter, ili ijaribiwe kama tembo wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja wao alifika Karema. Jaribio likafa, na Carter mwenyewe hakufika mbali: Juni 1880, akirudi pwani, aliuawa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, walipoingia katikati ya vita vya Mirambo. Mpimbwe hiyo ni hii yetu, iliyomo katika mkoa wetu wa Katavi.

Mwaka huohuo wa 1880 msafara wa Wajerumani uliondoka Zanzibar kuelekea magharibi. Ndani yake walikuwamo Paul Reichard, mtaalamu wa nyota Emil Kaiser, na kijana wa Berlin, Richard Böhm, aliyezaliwa 1854. Böhm alikuwa mtu wa wanyama, na hasa ndege, mwenye mkono mzuri wa kuchora. Waliweka kituo kusini mwa Tabora, kisha kambi ya uwindaji mtoni Ugalla. Kambi hiyo iliungua moto, na sehemu ya maandishi na mikusanyo yake ikateketea. Kaiser alifia Ziwa Rukwa mwishoni mwa 1882. Mwaka uliofuata Böhm alikuwa Karema, na huko akajikuta katika vita ambavyo Wabelgiji wa bomani walipigana na kijiji cha jirani. Akapigwa risasi mguuni. Alipopata nafuu wakavuka ziwa kuelekea Katanga, na huko, tarehe 27 Machi 1884, homa ikammaliza. Hakuwa hata ametimiza miaka 30.

Ngozi za ndege alizotuma Berlin ndizo zilizobaki. Mtaalamu wa makumbusho ya huko, Anton Reichenow, alimpa keremkeremu jina la Böhm mwaka 1882, na mwaka 1884 akampa jina hilohilo ndege mdogo wa miombo anayekamata nzi, mwenye madoa meusi kifuani. Herman Schalow alimpa teleka mmoja mwenye mkia mfupi. Böhm hakujiita mwenyewe; ni marafiki zake waliomkumbuka hivyo. Kwa desturi za wanasayansi wa wakati ule ilikuwa heshima kubwa, na kwa kijana aliyefia mbali na kwao, sina ubishi nayo.

Lakini mtu huyo hakutembea peke yake. Msafara wa aina hiyo ulikwenda kwa miguu ya wapagazi. Kulikuwa na wanaojua njia na maji, na wanaojua ndege gani hukaa wapi na hulia saa ngapi. Ndege hao watatu wanataja jina la Böhm. Jina la mpagazi halimo hata katika mmoja.

Na kuna jambo jingine la miaka hiyohiyo ambalo sikujua kama nimwambie mtoto. Aliyekuwa mkuu wa boma la Karema kuanzia 1882 alikuwa Emile Storms. Mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo kingine, Mpala. Desemba 1884 askari wake walimshambulia Lusinga, mtemi wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alikirudisha kichwa hicho Ubelgiji pamoja na sanamu na vitu vingine vya Watabwa. Fuvu la Lusinga liliishia katika taasisi ya sayansi ya viumbe huko Brussels, na sanamu ya Storms mwenyewe ikasimama katika bustani ya jiji hilo kwa miongo mingi, mpaka ilipoondolewa mwaka 2022.

Ndege wenye kibandiko na mtemi mwenye kibandiko: ilikuwa miaka ileile, ziwa lilelile, na watu waliokula meza moja. Sisemi Böhm alikuwa Storms. Lakini nikisoma habari za wote wawili, siwezi kuwatenganisha kabisa. Kujua kitu, kwao, kulianza kwa kukishusha chini, kukikausha na kukipeleka mbali.

Nilimwambia binti sehemu ya ndege. Ya fuvu nikamwambia mke wangu tu, kwa sauti ya chini. Mama yangu, niliyedhani amesinzia kwenye mkeka, akauliza, "Na wewe ulimpeleka wapi wa kwako?"

Nilijua anasema nini. Nilikuwa na miaka kumi, nina manati shingoni kama kila mvulana wa kwetu, na karibu na reli ya Mpanda nilimwangusha keremkeremu kwa jiwe. Reli ile ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na kwenye kingo za mchanga kando yake ndege hao walichimba mashimo ya kutagia. Nilimleta nyumbani nikijisifu. Mama hakunichapa. Alinikabidhi jembe, akasema, "Mzike, halafu uniambie alikuwa anakula nini." Sikujua. Akanituma nikakae karibu na reli mpaka nijue. Nilikaa siku mbili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba anakula nyuki, na kwamba kabla ya kummeza humgongagonga kwenye tawi ili kuondoa sumu.

Watoto walicheka sana. Mimi sikucheka sana.

Siku ya mwisho tulipanda misheni. Boma lilipojengwa, maji yalikuwa chini yake. Lakini mwaka 1878 Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa kupita kiasi, likabomoa kizuizi cha matope na majani kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, na kwa miaka kama 15 likashuka karibu mita kumi. Wabelgiji walijenga kwenye ufuko uliokuwa unawakimbia. Mwaka 1885 waliwaachia boma Mapadri Weupe, na ziwa likaendelea kurudi nyuma. Leo kutoka kilimani mpaka majini ni mwendo wa kutosha mtoto kudai abebwe. Alipofika 1889 daktari-katekista Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, naye aliishi na ziwa hilo linaloondoka. Alitibu watu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Wazee wa Karema wakikusimulia historia ya mahali pao, huanza na Atiman. Cambier hawamtaji mpaka umuulize.

Hilo nalo linanifundisha kitu. Ramani na vitabu vina majina yao, na watu wa mahali wana ya kwao. Ya kwanza yamehifadhiwa vizuri, kwa wino na spiriti. Ya pili yanakaa kichwani mwa watu kama mama yangu, ambaye ana miaka 74 na presha. Kwa Kiswahili ananiambia keremkeremu. Kwa lugha ya kwao ana majina ya ndege zaidi ya 20 aliyoyataja siku zile nne. Mengine aliyasema mara moja tu, akitembea, na mimi mshika daftari sikuandika kwa kuwa nilikuwa natafuta jina kwenye kitabu cha kuazima. Aibu hiyo ni yangu, wala hakuna Mjerumani wa kumsingizia.

Binti yangu ndiye aliyerekebisha. Tukiwa kwenye gari la kurudi alipiga mistari upya kwenye daftari lake: aina 31 za ndege, aina 14 za vipepeo za mdogo wake. Safu ya kwanza aliandika jina la kitabuni. Safu ya pili, jina la Bibi. Safu ya tatu aliipa kichwa "Nani aliona kwanza."

Kwenye mstari wa keremkeremu, safu ya tatu imeandikwa "Bibi." Safu ya pili ina majina 12 tu, na nafasi 19 tupu. Tangu turudi, kila Jumapili baada ya chakula, anakaa na daftari miguuni kwa bibi yake, anamwigizia milio ya ndege kimojakimoja, na kumsubiri akumbuke.