Babu yangu ana uwezo au hana?

Wandugu, majuma mawili haya nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa Tongoni. Kwa wasiopajua, ni kusini mwa jiji la Tanga, kilomita kama 17 ukiishika barabara ya Pangani. Wengi mkisikia Tongoni mnakumbuka magofu: ule msikiti wa kale, makaburi ya nguzo, na habari za Vasco da Gama aliyepita maji haya mwaka 1498, kisha mwaka uliofuata akaichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamekwisha kwa maradhi. Watu huenda, hupiga picha, hurudi mjini kula. Mimi sikwenda kwa magofu. Niliitwa na babu.

"Wewe ndiye uliyesoma na ndiye unayeandika magazetini," alisema hata kabla sijamaliza shikamoo. "Hebu nitazamie haya makaratasi, uniambie lipi linatibu."

Babu ana mtoto wa jicho. La kulia limeshafunikwa, la kushoto liko njiani. Mtu aliyekuwa akilitazama bamvua na kukuambia saa ya kushusha ngalawa, leo anamuuliza kitukuu wa miaka sita kama maji yamejaa au yamekupwa. Akanisogezea kopo la biskuti lenye kutu pembeni. Ndani mlikuwa na makaratasi matatu, na nilipoyapanga kwa tarehe nikagundua kwamba nimeshika historia nzima ya matibabu ya nchi hii, jambo ambalo chuoni hatukufundishwa hivyo.

La kwanza ni la Mfuko wa Akiba wa Taifa, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, ambao baadaye, mwaka 1997, ukazaa NSSF. Babu alikuwa kijana wa miaka 18, mkata mkonge katika mashamba ya upande wa Pangani. Mwaka huo huo wa 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na hapakuwa na nchi duniani iliyotupita. Alikatwa senti zake kila mwezi, na alipoacha kazi akalipwa kwa mkupuo, mara moja, basi. Ile ilikuwa akiba ya uzeeni, haikuwa bima ya afya, na fedha yenyewe ilinunua bati na nyavu. Lakini babu ameitunza karatasi miaka yote akiamini kwamba mtu aliyekatwa mshahara lazima atatibiwa na waliomkata.

Si wazo la kijinga hata kidogo. Wajerumani ndio waliouleta mkonge Pangani mwaka 1893, na mwaka huo huo wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Sasa angalieni: kwao Ujerumani, chini ya Bismarck, sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi ilipita mwaka 1883. Miaka kumi kabla! Mfanyakazi anachanga, mwajiri anachanga, ukiumwa unatibiwa. Walipovuka bahari walikuja na mbegu, mataruma na baadaye kodi ya kibanda. Ile sheria waliiacha bandarini kwao.

Halafu kuna miaka ambayo haina karatasi kwenye kopo, kwa sababu haikuhitaji karatasi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilijengwa vijijini, matibabu ya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 ikapigwa marufuku hata biashara ya hospitali binafsi. Babu akiizungumzia enzi hiyo sauti inabadilika. Mimi humwambia kwamba wazee wengine wanakumbuka pia dawa kukosekana miaka ya themanini, naye hujibu kwamba dawa ilikosekana kwa wote. Hapo hunyamaza, nami huwa sina la kuongeza.

Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Neno zuri hilo, kuchangia, kama vile harusi. Mkulima na mvuvi asiye na mshahara akaanza kuulizwa fedha dirishani. Ndipo ikaja karatasi ya pili ya babu, kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko huu ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Kaya ilikuwa inalipa mara moja kwa mwaka, serikali ikiongeza kiasi hicho hicho, wenyewe wakaita "tele kwa tele". Kasoro yake ni kwamba kadi ya awali kwa kawaida ilikutibu pale pale ulipojiandikishia. Zahanati haitoi mtoto wa jicho. Mwaka 2018 ukaja mfuko ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na rufaa hadi hospitali ya mkoa. Mwaka huo babu hakulipa. Jicho lilikuwa zima, na mtu mwenye jicho zima hulipia nyavu kwanza.

Sasa, sambamba na huo mfuko wa wanavijiji kulikuwa na njia nyingine, na hii ndiyo inayonikera. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipata sheria mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001 kwa watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi, asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Ukistaafu ukiwa mwanachama, wewe na mwenza wako mnaendelea kutibiwa. Safi kabisa. Kwa hiyo wazee wawili wa umri mmoja, mmoja alikuwa karani, mwingine mkata mkonge, wanakaa baraza moja wakicheza bao. Mmoja akiumwa anatoa kadi, mwingine anauza mbuzi. Vifurushi vya hiari vilipoletwa mwaka 2019 kwa wasio na ajira, bei ilipangwa kwa umri. Kadiri unavyozeeka ndivyo unavyolipa zaidi!

Mtu ataniuliza, si mngemuingiza kwa mtoto wake? Tulifikiria. Mwanachama wa Mfuko huo anaruhusiwa mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo. Baba mdogo ni mwalimu. Ana watoto wanne. Nilipompigia simu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimtoe nani?" Sikumuuliza tena, na naomba kama kuna ndugu zangu wanaosoma hapa nao wasimuulize.

Ikabaki karatasi ya tatu. Ni fomu ya matibabu ya bure kwa wazee, imejazwa nusu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya 2007 ikasema mzee wa umri huo asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ndiyo asili ya yale madirisha ya "Mpishe Mzee" mnayoyaona hospitalini. Someni tena hapo lakini: asiye na uwezo. Watu wanadhani mvi zinatosha. Kwa maandishi ya sera hazitoshi, lazima ofisi ya mtaa ikuthibitishe.

Na babu aliishia hapo hapo. Alijaza jina, akajaza mwaka wa kuzaliwa, alipofika kwenye uwezo akaweka kalamu chini. "Nina minazi kumi na saba," aliniambia. "Nimelipa kodi ya kichwa, nimelipa ya maendeleo mpaka walipoifuta wenyewe. Leo niandike kwa mkono wangu kwamba sina uwezo?" Kodi anayoisema ilifutwa mwaka 2003, anakumbuka vizuri kuliko mimi.

Tulikwenda na fomu hivyo hivyo kwenye hospitali moja, sitaitaja. Foleni tulipishwa, kwa heshima kweli. Daktari akaandika upasuaji. Kisha tukaambiwa kumuona daktari ni bure, ila lenzi ya kuweka jichoni tununue wenyewe, maana mzee hajathibitishwa. Minazi kumi na saba haifiki hata nusu ya bei hiyo.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima, na wasiomudu walipiwe kwa mfuko maalum unaochota kwenye kodi za soda, pombe na vipodozi. Nimemweleza babu. Akauliza swali moja tu: "Wasiomudu wanajulikanaje?" Nikamwambia watatambuliwa. Akacheka.

Kwa hiyo mwenye mzee nyumbani, kabla ya kukimbilia hospitali uliza hivi: aliwahi kuajiriwa serikalini, yeye au mwenzake? Kuna mtoto wake mwenye nafasi ya mtegemezi? Kama hapana na hapana, nendeni ofisi ya mtaa mapema, akiwa bado mzima, maana uthibitisho una foleni yake nao. Na fomu mjazieni nyinyi. Msimpe kalamu.

Ya babu niliijaza mimi juzi usiku kwa taa ya simu, yeye akiwa amelala. Asubuhi nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba wino, akaweka dole gumba, ingawa anajua kuandika jina lake vizuri sana. Alhamisi tunapanda basi la alfajiri linalotoka Pangani. Amesema nibebe kopo lote, na ile karatasi ya mkonge iwe juu.