Mbio za Safari Zilipokuwa za Kwetu: Usambara, Mbulu na Somo la Kusini

Hapa Mtwara, iwe Rahaleo au mtaa mwingine wowote wa mjini, ukitaja Safari Rally watu huwaza Kenya: Nairobi, Naivasha, vumbi la Bonde la Ufa. Hawakosei, kwa kuwa ndiko zinakofanyika leo. Lakini tangu 1953 hadi 1974 mashindano hayo yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na baadhi ya barabara zilizowatia hofu madereva zilikuwa kwenye milima ya Tanzania. Sura hiyo ya historia yetu tumeiacha ipotee, na haistahili kupotea.

Mbio za kwanza zilifanyika kati ya Mei 27 na Juni 1, 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na waandaaji walikuwa walowezi waliopenda magari. Walipanga njia ipite Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, kama yanavyouzwa dukani, nayo yakagawanywa katika makundi kwa kufuata bei. Hapakuwa na barabara iliyofungwa kwa ajili ya mbio: mshindani alipita njia ileile ya malori, mabasi na ng'ombe, na kila dakika aliyochelewa kufika kituo cha ukaguzi ilihesabiwa dhidi yake.

Baadaye mashindano yalihamishiwa Pasaka, na uamuzi huo ndio ulioyapa sura yake. Pasaka huangukia masika. Njia ya kilomita zipatazo 5,000 iliwachukua madereva kutoka vumbi linaloziba macho hadi tope linalomeza magurudumu, mara nyingi ndani ya siku moja.

Huku kwetu jaribio kubwa lilikuwa milima. Usambara inainuka ghafla kutoka tambarare ya Mombo. Barabara inapanda kupitia Soni hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 33 za kona zilizobanwa kati ya mwamba na bonde. Zaidi ya hapo zilikuwapo njia za udongo mwekundu zilizounganisha vijiji, misitu na mashamba. Udongo huo ukilowa huteleza, na ukungu ukishuka dereva humtegemea msoma ramani wake kuliko macho yake mwenyewe. Upande wa kaskazini-magharibi kulikuwa na Mbulu na mpando wa Magara, unaotoka bonde la Ziwa Manyara kuelekea nyanda za juu. Kwa wakulima wa huko hiyo ilikuwa njia ya sokoni na hospitalini. Wageni waliipita mara moja, wao waliipita mwaka mzima.

Ugumu wa mbio zenyewe unaonekana kwenye matokeo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza saba tena, na washindi wakawa wawili walewale. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, bingwa aliyejulikana Ulaya nzima, alikwama topeni na mwenzake Gunnar Palm. Saab yao ilikuwa ndogo, basi wakaibiringisha hadi ikatoka shimoni, wakaendelea na mbio na kumaliza wa pili. Hata hivyo, mabingwa kutoka ng'ambo walikuja mwaka baada ya mwaka na kurudi mikono mitupu. Ilibidi wangoje hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm walipoibuka washindi kwa Ford Escort.

Walioshinda kabla yao walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki, watu waliojua mto gani hufurika baada ya mvua ya usiku na mteremko gani huficha korongo. Mwaka 1965 walikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966, na tena 1967, ilikuwa zamu ya Tanzania: Bert Shankland, Mskochi aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Ushindi wa mara mbili mfululizo katika mashindano yaliyofuatiliwa duniani kote ni jambo la kuandikwa katika historia ya michezo ya nchi hii. Mwaka 1972 mbio zenyewe zilianzia Dar es Salaam.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Idi Amin alikuwa madarakani Uganda tangu 1971, na uhusiano wa nchi tatu ulikuwa ukizorota. Mbio za 1974, alizoshinda Joginder Singh kwa Mitsubishi Lancer, ndizo za mwisho kubeba jina la Afrika Mashariki. Kuanzia 1975 zikabaki Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mbio za magari zilikuwa zimetangulia kuonyesha ufa huo.

Kwa nini mtu wa Mtwara ajali habari za Usambara na Mbulu? Kwa sababu tope lililowafanya madereva wale kuwa mashujaa kwa siku chache ndilo lililotutenga sisi kwa vizazi. Masika yalipofika, kwenda Dar es Salaam kwa barabara ilikuwa kubahatisha: kulala njiani, kusukuma basi, kusubiri pantoni ya Ndundu kwenye mto Rufiji. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na kung'olewa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa 2003, na hata baada yake kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa abiria kwa miaka mingi. Dereva wa lori la korosho aliyeshuka kutoka uwanda wa Makonde wakati wa mvua hakupewa kikombe, ingawa ujuzi wake haukuwa mdogo kuliko wa bingwa yeyote.

Tangu 2003 mbio za magari ya zamani, zinazofuata nyayo za Safari ya awali, zimewahi kuingia tena Tanzania. Ni vizuri, lakini haitoshi. Waliokuwa watoto kando ya barabara za Lushoto na Mbulu katika miaka ya 1960 sasa ni wazee, na pamoja nao wapo madereva wa malori na mabasi ya kusini wa enzi ileile. Shule, vyuo na redio za mikoa zirekodi simulizi za pande zote mbili wangali hai. Majina ya washindi tayari yamo vitabuni. Majina ya walioyasukuma magari kutoka topeni, na ya walioishi na tope hilo baada ya wageni kuondoka, hayawezi kuandikwa na mtu mwingine isipokuwa sisi.