Ruge Mutahaba: Mwana wa Bukoba Aliyewajengea Vijana Jukwaa

Ruge Mutahaba, aliyekuwa Mkurugenzi wa Vipindi na Uzalishaji wa Clouds Media Group, alizaliwa mwaka 1970 nchini Marekani, katika familia yenye asili ya Bukoba, mkoani Kagera.

Akishirikiana na Joseph Kusaga, aliikuza Clouds kuwa kampuni yenye redio na televisheni. Alianzisha pia Tanzania House of Talent (THT), iliyowalea wasanii wakiwamo Barnaba, Mwasiti na Linah. Kupitia kampeni ya Fursa, alizunguka mikoani akiwahimiza vijana wajiajiri badala ya kusubiri ajira.

Alifariki dunia Februari 26, 2019, akiwa matibabuni Afrika Kusini. Mwili wake uliagwa katika viwanja vya Karimjee, Dar es Salaam, ukazikwa Bukoba Machi 4. Aliowalea wangali wakisikika.